Kabari, Lita Tano na Miwani: Habari za Rubani Roland Garros

Nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa ufundi wanaomaliza mwaka huu, pamoja na walimu na wazazi wao. Waliokosa kufika wameniomba maneno yenyewe, basi nayaweka yote hapa kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha. Bila mimi kuzinyooshea kidole hazina kazi.

Bwana mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi, shikamooni wakubwa. Vijana wangu, hamjambo? Sikusikia. Hamjambo? Haya, sasa nimesikia.

Nimepewa dakika arobaini na tano, na mimi ni mzee, mnajua wazee na saa. Kwa hiyo naanza na swali. Nani kati yenu amewahi kulisikia jina Roland Garros?

Naona mikono mingi. Wewe wa mwisho pale, mwenye shati la bluu, Roland Garros ni nini? Tenisi. Ahsante. Ule uwanja wa Paris wa udongo mwekundu, ambao Nadal amechukua ubingwa mara 14. Sawa kabisa. Sasa niambie, huyo Garros mwenyewe aliwahi kushinda mashindano gani ya tenisi?

Kimya. Usione haya, mwanangu. Hata mimi kwa miaka mingi nilidhani ni bingwa fulani wa zamani mwenye suruali nyeupe na raketi ya mbao.

Hakuwa bingwa wa tenisi. Alikuwa rubani. Alikuwa rubani wa kivita wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, na alikufa vitani. Na ngoja niwape jambo la kushangaza zaidi. Katika vita ile Mfaransa René Fonck alidungua ndege 75. Sabini na tano! Mwenzake Georges Guynemer alidungua 53. Garros je? Nne. Ili Wafaransa wakuite bingwa wa kudungua, ilikuwa lazima ufikishe tano. Kila mahali utasoma kwamba Garros ndiye bingwa wa kwanza wa anga duniani. Si kweli, hakufikisha. Ila nani hapa alimjua Fonck kabla sijamtaja? Hakuna. Nani alilijua jina la Garros? Nusu ya ukumbi.

Kwa nini? Leo nitawaambia jambo moja, nami nitalirudia mpaka mlichoke: mtu huyu alikuwa fundi. Waandishi humwita shujaa, na ushujaa sibishani nao. Lakini kila maisha yake yalipopinda kona, yalipindishwa na kitu ambacho nyinyi mnaweza kukishika mkononi pale karakanani. Mimi nimechagua vitatu: petroli iliyobaki ndani ya tangi, kipande cha chuma, na miwani.

Kwanza tujue ametoka wapi. Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1888 mjini Saint-Denis, kisiwani Réunion. Kunjueni ramani vichwani mwenu. Toka hapa pwani, pita Komoro, vuka Madagaska, songa mashariki kama kilometa 700. Ni Bahari ya Hindi hii hii tunayoogelea. Na kisiwa kile si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya Wafaransa vya huko. Damu ya pwani yetu iko Réunion mpaka leo. Garros hakuwa wa damu hiyo. Yeye alikuwa mtoto wa Wafaransa, baba yake mwanasheria. Nimelitaja tu kwa sababu mtu akizungumzia kisiwa kile mbele ya watu wa pwani halafu akaliruka hilo, hajatenda haki.

Akiwa bado mdogo, familia ilihamia Saigon, Vietnam ya leo. Alipofika miaka kama 12 akapelekwa Ufaransa kusoma, na baridi ya huko ikamtia homa ya mapafu. Wakampeleka Cannes, kusini kwenye jua. Dawa aliyojitafutia mwenyewe ilikuwa baiskeli. Alikanyaga pedeli mpaka mapafu yakafunguka, na mwaka 1906 akawa bingwa wa mbio za baiskeli za wanafunzi. Baadaye akasoma biashara, akafungua duka la magari Paris. Hayo nayapita mbio.

Agosti 1909 akaenda kuangalia maonyesho ya ndege mjini Reims. Mtu mwingine angerudi nyumbani na hadithi ya kuwasimulia watoto. Yeye alirudi akanunua ndege. Sikusema alijifunza kuruka, kisha akanunua. Alinunua kwanza! Ndege yenyewe iliitwa Demoiselle, ubunifu wa Mbrazili Santos-Dumont. Imetengenezwa kwa nini? Kwa mianzi, kitambaa na waya, na rubani ameketi chini ya bawa kama mtu aliyejikunyata chini ya kibanda cha kuuzia madafu. Mianzi, vijana wangu. Ndege aliyojifunzia mngeweza kuijenga uani kwenu, mama akigomba. Julai 1910 akapata leseni, namba 147 ya Ufaransa.

Ndani ya miaka miwili na nusu akawa anavunja rekodi za kwenda juu. Desemba 1912, mjini Tunis, alifika meta 5,610. Linganisheni na Kibo, meta 5,895. Mtu yuko karibu na kilele cha Kilimanjaro, ameketi wazi kwenye upepo, juu ya kitambaa na waya.

Sasa twende kwenye petroli.

Tarehe 23 Septemba 1913, saa kumi na mbili kasoro dakika 13 alfajiri, Garros aliondoka Fréjus, kusini mwa Ufaransa, kuelekea Afrika. Alikuwa peke yake. Mbele yake Bahari ya Mediterania, kama kilometa 780 mpaka Bizerte, Tunisia. Hakuna mtu aliyewahi kuivuka kwa ndege moja kwa moja. Na ndege yake, Morane-Saulnier, ilikuwa ya magurudumu. Haikuwa na vya kuelea. Ukianguka baharini na magurudumu, mnajua kitakachofuata.

Hebu niwaelezeni injini yake, maana hapa ndipo nilipompendea. Ilikuwa injini ya Gnome, na injini zile ukiziona leo utadhani fundi alilewa. Krankshafti, yaani mhimili wa injini, imefungwa imara kwenye fremu, haizunguki. Kinachozunguka ni injini yenyewe! Silinda zote zinazunguka pamoja na propela, ndiyo njia yake ya kujipoza. Na mafuta ya kulainisha yalikuwa nini? Ya nyonyo. Ndiyo, haya haya ya bibi. Waliyapenda kwa sababu hayayeyuki upesi kwenye petroli. Injini huyatumia mara moja na kuyatema nje, na nje ndiko alikokaa rubani. Anayavuta puani, anayalamba mdomoni, saa baada ya saa. Na mafuta ya nyonyo yanamfanya nini mtu tumboni? Naona akina mama wanacheka. Wao wanajua.

Basi yuko njiani, anakaribia Corsica, mara anasikia chuma kinagonga chuma. Injini inatetemeka. Kitu kimevunjika humo ndani. Vijana, nyinyi mngefanya nini? Corsica iko pale, ardhi kavu, unashuka, unakunywa maji, unasema alhamdulillahi. Akasikiliza. Injini bado inavuta. Akaendelea. Baada ya Corsica kuna Sardinia, nafasi ya pili ya kushuka, na ya mwisho. Mbele ya Sardinia ni maji matupu mpaka Afrika. Akatazama mafuta, akapiga hesabu, akaendelea. Huko mbele injini ikamsumbua tena. Akaendelea.

Saa saba na dakika 40 mchana akatua Bizerte. Alikuwa angani saa saba na dakika 53. Walipopima tangi, zilibaki lita tano.

Lita tano! Watu husikia hapo wakashangilia, lakini mimi naomba mtoe kalamu. Aliondoka na petroli lita 200. Amechoma 195 kwa karibu saa nane. Hiyo ni kama lita 25 kwa saa. Lita tano ni dakika ngapi? Dakika kumi na mbili. Hiyo ndiyo akiba aliyokuwa nayo kati yake na samaki: muda wa kuchemsha chai na kuinywa kabla haijapoa.

Alikuwa jasiri au alikuwa kichaa? Mimi nimejiuliza sana. Jibu langu, na mwalimu wa usalama kazini naomba azibe masikio, ni kwamba alikuwa fundi aliyeijua injini yake kwa sauti. Mlio wa kitu kilichokatika na mlio wa kitu kinachoelekea kukatika si mmoja, na hakuna kitabu kitakachokufundisha tofauti yake. Lakini kichaa kidogo kilikuwepo. Tusidanganyane.

La pili ni kabari. Hapa nitakaa kidogo.

Agosti 1914 vita vikaanza, na Garros akajitolea jeshini. Ndege za vita mwaka ule zilikuwa na kazi moja: kuchungulia. Zilikuwa macho, hazikuwa ngumi. Hata hapa kwetu ilikuwa hivyo. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipojificha kwenye delta ya Rufiji, ndege za Waingereza ziliruka kutoka Mafia, zikaelekeza mizinga ya meli zao ipige wapi, mpaka Julai 1915 Königsberg ikaangamia. Ni jicho lililofanya kazi pale.

Marubani wa Ulaya walipokutana angani walirushiana risasi za bastola na bunduki za begani. Hebu jaribu kuendesha pikipiki kwenye makorongo huku unamlenga kwa manati mtu anayeendesha pikipiki nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Suluhisho lilikuwa wazi kwa kila mtu: chukua bunduki ya rashasha, ile ambayo babu zetu waliokuwa askari waliiita bombomu, ifunge imara juu ya pua ya ndege, halafu lenga kwa kuielekeza ndege yenyewe. Rahisi!

Tatizo ni nini? Mbele ya pua kuna nini? Semeni kwa sauti. Propela! Ukifyatua, unajikata propela yako mwenyewe.

Sasa nawapa swali, na msinijibu mpaka mwisho. Propela yenye mapanga mawili inazunguka mara 1,200 kwa dakika. Panga linapita mbele ya mtutu mara ngapi kwa sekunde? Andikeni pembeni.

Mhandisi Raymond Saulnier, mmoja wa wenye kiwanda cha ndege zile, alikuwa na wazo zuri hata kabla ya vita. Alitaka injini yenyewe iiamuru bunduki: fyatua sasa, ngoja, fyatua sasa. Kwenye karatasi lilikubali. Kwenye majaribio likakataa, kwa sababu ya risasi. Risasi za siku zile hazikuwa sawasawa. Nyingine ililipuka mara pini ilipoigonga, nyingine ilichelewa kidogo tu, kufumba na kufumbua. Na kufumba na kufumbua ndiko panga lilikohitaji kufika mbele ya mtutu.

Garros na Saulnier wakarudi nyuma hatua moja. Kama hatuwezi kuizuia risasi isigonge panga, basi igonge, lakini isilikate. Wakafunga kwenye kila panga, pale hasa njia ya risasi inapopita, kabari ya chuma cha pua. Fundi wake Garros, Jules Hue, akalipunguza panga likawa jembamba sehemu ile ili kabari ikae vizuri na igongwe mara chache. Risasi nyingi zinapita katikati ya mapanga. Ile moja moja inayokutana na panga inagonga mteremko wa kabari, inatupwa kando.

Kabari nyinyi mnaijua. Mnapasulia gogo. Hii hapa mezani nimeichonga mwenyewe wiki iliyopita kwa kukisia umbo lake. Itazameni: pembetatu, kingo yake imeelekea nyuma kwenye bunduki. Ni kitu kisichovutia hata kidogo. Mke wangu aliiona akaniuliza kama ni ya kuzuilia mlango. Na si ufundi mzuri, tuseme ukweli. Kila risasi inayogonga inaitikisa propela, propela inaitikisa krankshafti, na risasi iliyotupwa kando hujui inaelekea wapi. Mwalimu wenu angeipa alama arobaini. Ila ilifanya kazi.

Tarehe 1 Aprili 1915, kutoka uwanja wa karibu na Dunkerque, Garros aliruka na Morane yake ya bawa moja la juu, akaifuata ndege ya Kijerumani aina ya Albatros, akiielekezea pua. Watu waliokuwa ndani ya Albatros waliona nini? Waliona ndege inawajia uso kwa uso, na kwa akili zote za siku ile ndege inayokuja uso kwa uso haiwezi kukupiga risasi, kwa sababu propela iko katikati. Hawakuwa na sababu ya kukimbia. Kisha propela ikaanza kutema moto.

Ndege ile iliungua ikaanguka. Ilikuwa mara ya kwanza duniani ndege kuangushwa na bunduki iliyofungwa imara, ikipiga kupitia propela. Kabla mwezi haujafika tarehe 18, alikuwa ameangusha nyingine moja.

Na tarehe 18 Aprili yenyewe, siku ya ushindi wake wa tatu, akiwa Ubelgiji nyuma ya mistari ya Wajerumani, injini ilizima. Wako wanaosema alipigwa na bunduki ya askari wa chini, wako wanaosema mrija wa mafuta uliziba. Mimi ni fundi, kwa hiyo moyo wangu uko upande wa mrija. Akateleza chini, akatua shambani. Jambo la kwanza alilofanya? Akaiwasha moto ndege yake. Alijua alichobeba.

Haikuungua yote. Pua ikabaki. Bunduki ikabaki. Propela ikabaki, na kabari zake juu yake.

Wajerumani wakaibeba ikafika mbele ya Anthony Fokker, Mholanzi kijana aliyewatengenezea ndege. Wao walipojaribu kabari na risasi zao, ambazo zilikuwa na ganda gumu la chuma, kabari zilivunjika. Kwa hiyo Fokker na watu wake wakaacha kabari, wakaenda kwenye wazo lile lile la mwanzo: kinundu kwenye mtambo wa injini, kinasukuma fimbo, fimbo inafyatua bunduki, na panga likiwa mbele ya mtutu fimbo haisukumwi. Niwe mkweli, wazo hilo halikuanza siku ile. Ujerumani pia kulikuwa na watu waliokuwa wamelisajili kabla ya vita. Ila makaratasi yalikuwa yamelala, na ndege ya Garros ndiyo iliyoyaamsha.

Sasa sikilizeni. Tarehe 1 Julai 1915, Mjerumani Kurt Wintgens akiwa ndani ya Fokker mpya alipata ushindi wa kwanza wa mtambo ule. Aliiangusha ndege gani? Morane-Saulnier ya bawa moja la juu. Aina ile ile. Miezi miwili na nusu tu imepita! Tangu hapo mpaka mwanzoni mwa 1916 marubani wa Ufaransa na Uingereza walikufa kama kumbikumbi, na Waingereza wakakipa kipindi hicho jina lake: janga la Fokker.

Je, tumlaumu Garros? Nawaona mnatikisa vichwa, hapana. Mimi namlaumu kidogo. Ukiwa na kitu ambacho wewe peke yako unacho, huendi nacho kwa jirani mgomvi. Na zaidi nawalaumu wakubwa wake, waliomwacha na kabari yake moja badala ya kukaa chini haraka na kuzifunga kwenye ndege hamsini. Lakini maneno ya miaka mia baadaye ni rahisi.

Garros sasa ni mateka. Karibu miaka mitatu, anahamishwa kambi hadi kambi, Küstrin, Trier, Magdeburg, kwa sababu kila alipowekwa alitafuta tundu la kutokea. Huko akakutana na rubani mwingine, Anselme Marchal, ambaye mwaka 1916 aliruka juu ya Berlin akaimwagia karatasi za maneno, akatekwa akijaribu kufika Urusi. Marchal alikuwa na kitu kimoja kizuri kuliko bunduki: Kijerumani safi. Februari 1918 wawili hao wakajishonea sare za maofisa wa Kijerumani, wakatoka getini kama wenye nyumba, na Marchal akawafokea walinzi. Kila aliyepita jeshini anajua, afisa anayefoka haombwi kitambulisho. Wakafika Uholanzi, wakavuka Uingereza, wakafika Paris.

Ufaransa nzima ikashangilia. Clemenceau, waziri mkuu mwenyewe, akataka abaki chini awe mshauri. Mtu mwenye akili kama zake, aliyeona mengi, kwa nini arudishwe angani? Garros akakataa.

Na hapa ndipo tunafika kwenye miwani.

Kule kifungoni macho yake yaliharibika. Vitu vya mbali hakuviona sawasawa. Rubani wa kivita! Kazi yote ni kumwona mwenzako akiwa bado kidoa, kabla yeye hajakuona wewe. Alifanya nini? Alikwenda kwa siri akatengenezewa miwani, akaruka nayo.

Niwasimulie langu kidogo. Kuna mwaka, sitasema nilikuwa naajiriwa wapi, macho yangu nami yalianza kufifia. Nilikuwa fundi mkubwa, vijana wananiogopa, nivaeje miwani? Nikaficha. Siku moja nakaza bolti za silinda kwa spana ya kipimo, nikasoma namba, nikaendelea kukaza. Kijana msaidizi wangu, mpole yule, hata sauti hana, akanigusa begani: "Mzee, hebu soma tena." Nikasoma tena. Nikavua kofia, nikaileta spana karibu kabisa na pua, nikasoma mara ya tatu. Nilikuwa nimepitiliza kwa kumi nzima. Tulizifungua bolti zote tukazitupa tukaweka mpya, na hakuna aliyejua zaidi ya sisi wawili. Kesho yake asubuhi nikaenda kupimwa macho. Kwa hiyo nikisoma kuhusu Garros na miwani yake ya siri sicheki. Namwelewa kuliko ninavyoelewa ushindi wake wote.

Na fikirini alirudi kwenye nini. Ndege aliyotekwa nayo 1915 ilikimbia kama kilometa 125 kwa saa. SPAD XIII aliyopewa 1918 ilipita 200. Ilikuwa na bunduki mbili mbele, zote zikipiga katikati ya propela kwa mtambo, bila kabari yoyote. Kila fundi wa jeshi sasa aliujua. Swali lililomtesa yeye na Hue karakanani lilikuwa limejibiwa yeye akiwa amefungwa, na jibu lilipitia kwa adui. Ilibidi aanze upya, akiwa na miaka 29, kati ya vijana waliokuwa wanafunzi wa shule yeye alipovuka Mediterania.

Akarudi kikosi chake cha zamani, namba 26. Tarehe 2 Oktoba 1918 akaangusha ndege, ya nne. Siku tatu baadaye, tarehe 5 Oktoba, karibu na Vouziers, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, akapambana na ndege za Fokker. Hakurudi. Kesho yake angetimiza miaka 30. Vita viliisha baada ya siku 37. Alizikwa pale pale Vouziers.

Na uwanja wa tenisi? Ndiyo, naona shati la bluu linanikumbusha. Mwaka 1927 Wafaransa wanne, Lacoste, Cochet, Borotra na Brugnon, waliwanyang'anya Wamarekani Kombe la Davis huko kwao Philadelphia. Mashindano ya mwaka uliofuata yakawa lazima yachezwe Paris, na Paris haikuwa na uwanja wa kutosha. Klabu ya Stade Français ilihusika katika mpango wa kuujenga, na kiongozi wake alikuwa Émile Lesieur. Lesieur alisoma chuo kimoja na Garros, na ndiye aliyemwingiza klabuni walipokuwa vijana. Akashikilia: uwanja utaitwa jina la rafiki yangu. Wakakubali. Ndiyo habari yote. Nadal alichukua ubingwa juu ya udongo wenye jina la muuza magari wa Réunion kwa sababu mtu mmoja hakumsahau mwanafunzi mwenzake.

Muda wangu umekwisha, mkuu wa chuo ananikonyeza. Lile swali la propela, nani amepata? Wewe binti, simama. Arobaini. Arobaini kwa sekunde, ndiyo! Ameifanyaje? Elfu moja na mia mbili gawanya kwa sitini ni ishirini, mara mapanga mawili. Mpigieni makofi.

Haya, kabari iko hapa mezani, na propela ya mbao imeegemezwa pale ukutani. Njooni wawili wawili mjaribu kuipachika. Tahadhari na ile kingo, jana imenikata.